Tupange miradi yetu kwa kufuata njia ya maji

Hotuba kwa madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji wakati wa maandalizi ya bajeti, Newala, mkoani Mtwara

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, Ndugu Mkurugenzi Mtendaji na wataalamu wako, watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji, na wazee wetu mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: shikamooni, na wengine hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya vipaumbele vya miradi inayojengwa kwa fedha za serikali: barabara, maji, zahanati, madarasa. Nimekuwa fundi sanifu wa ujenzi katika halmashauri za kusini mpaka nilipostaafu, na vikao vya aina hii navifahamu. Kila mmoja anakuja na orodha ya kata yake. Orodha zinaunganishwa, zinakuwa kitabu kinene, kitabu kinakwenda Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kinakwenda mkoani, kinakwenda Hazina, kisha kinarudi kimekatwa na wakataji ambao hawajawahi kuiona Newala. Linalobaki baada ya kukatwa ndilo tunaloliita kipaumbele. Mimi naomba safari hii tukate wenyewe, hapa hapa, tena kwa kigezo tunachoweza kumweleza mwananchi kwenye mkutano mkuu wa kijiji akatuelewa.

Kigezo hicho ni maji. Hapa kwetu maji ndiyo yanayobomoa karibu kila tunachojenga, na maji hayo hayo ndiyo haja kubwa ya watu wetu. Mvua inayokata barabara mwezi wa kwanza ndiyo ambayo mama anaihangaikia kwa ndoo mwezi wa tisa. Tuko juu ya uwanda wa Makonde. Udongo wetu ni mchanga, mvua ikinyesha sehemu inazama chini kabisa tusikoweza kuifikia, na sehemu inakimbilia ukingoni kwenda bonde la Ruvuma. Anayesimama pale ukingoni, Shimo la Mungu, akatazama chini anaona mwenyewe maji yetu yanakokwenda na yanabeba nini. Kwa hiyo kabla hatujauliza kata gani ipate nini, tuulize maji yanapita wapi.

Nianze na barabara, maana ndiyo kilio cha kila kata.

Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA, na zile kuu na za mkoa ziko chini ya wakala mwingine, TANROADS. Nimesikia madiwani wakisema barabara si zetu tena, kazi yetu ni kulalamika. Hapana. Fedha ziko kwa meneja wa TARURA, lakini vipaumbele vinapita kwenye vikao hivi, na fedha zenyewe zinatoka mifukoni mwa watu wetu. Kila anayenunua lita ya petroli au dizeli analipa tozo ya mafuta, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda anayembeba mama mjamzito usiku kutoka kijijini amekwisha kulipia barabara ile kabla hajawasha pikipiki. Ana haki ya kutuuliza.

Sasa tunaombaje? Tunaomba kuchongewa. Greda likipita, watu wanashangilia, diwani anapigiwa makofi. Lakini kuchonga bila mitaro na bila njia za kutolea maji pembeni ni kuishusha barabara. Kwenye mchanga wetu, kila greda linapopita linakwangua kidogo, barabara inazama, kingo zinapanda. Baada ya miaka michache barabara iko chini ya mashamba ya pande zote mbili, na mvua ikinyesha inakuwa mto. Ndugu zangu, ziko barabara katika wilaya hii ambazo ukisimama katikati yake, mizizi ya mikorosho ya shamba la jirani iko usawa wa kifua chako. Barabara ile haikuharibika kwa kusahauliwa. Imechongwa mara nyingi sana, bila mtaro hata mara moja.

Liko kalavati moja, yaani bomba la kupitishia maji chini ya barabara, ninalolifahamu vizuri, kwenye njia inayoteremka kutoka ukingo wa uwanda kwenda vijiji vya bondeni. Bomba lake lina kipenyo cha milimita 600. Ukiinama upande wa juu, mdomo umejaa mchanga zaidi ya nusu, na juu ya mchanga ule kuna majani ya mkorosho, chupa za plastiki na mifuko ya salfa iliyotupwa wakati wa kupulizia mikorosho. Maji yakija hayana pa kupita. Yanapanda, yanavuka juu ya barabara, yanaangukia upande wa pili na kuchimba. Ukuta wa mdomo wa chini sasa unaning'inia, chini yake pana shimo ambalo mtu mzima anaingia. Pikipiki bado zinapita kwa kubana upande mmoja. Lori la chama cha msingi cha ushirika halipiti. Korosho za vijiji vile zinatolewa kwa kubebeshana mpaka ng'ambo, mkulima analipia mara mbili, na mtoto aliyepangiwa sekondari ya kata upande huu anakaa nyumbani siku ya mvua kubwa.

Bomba la milimita 900 lina nafasi ya kupitisha maji mara mbili na robo ya lile la 600, na mtu anaweza kuingiza jembe akalizibua. Bei yake ni kubwa zaidi, nakubali. Lakini tunapopunguza kipenyo ili fedha zitoshe makalavati mengi zaidi kwenye taarifa, tunanunua uharibifu. Nawaomba Waheshimiwa, mnapoletewa mpango wa barabara, kilomita ngapi zitachongwa liwe swali la mwisho. Ulizeni kwanza mitaro mita ngapi, kalavati ngapi, za kipenyo gani, na maji yakitoka kwenye kalavati yanaishia kwenye shamba la nani. Kilomita tano zenye mitaro zinashinda ishirini za kuchonga. Kwa mwaka wa kwanza makofi yatakuwa machache, najua, na diwani atakayekubali jambo hili atahitaji kutetewa na wenzake humu ndani.

Hasara ya maji kukosa njia hatuhitaji kuhadithiwa. Mwezi wa tano mwaka 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam upande wa Kilwa, kusini yote ilifungiwa. Wasafiri wa Dar es Salaam ilibidi wazungukie Songea. Mwaka 2025 pale Somanga pakakatika tena. Hiyo ni barabara ya lami, ya taifa, yenye wahandisi wake. Tuna Daraja la Mkapa pale Rufiji tangu 2003, karibu kilomita moja ya zege, limesimama imara. Tukafungiwa na vivuko vidogo ambavyo msafiri akipita kiangazi hata havioni. Kama kivuko kidogo kinaweza kuwafungia watu wa mikoa miwili, kile cha kijijini kwetu kinawafungia wangapi, na nani anatangaza?

Tunashukuru kwa lami ya kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 160, ambayo tumeilia kwa miaka mingi. Lakini nitoe angalizo moja kwa wenyeviti wa vijiji vilivyo kandokando. Lami hainywi maji. Yote yanayoiangukia yatamwagwa pembeni, na mahali mtaro unapoishia ndipo korongo linapoanzia. Msisubiri shamba likatike ndipo mwandike barua. Nendeni kwa mhandisi mshauri wakati huu, mwonyesheni maji yanakopita siku zote. Atawasikiliza, kwa sababu kubadili njia ya mtaro kwenye mchoro ni rahisi kuliko kuibadili baada ya zege.

Hapo nimegusa jambo linaloniumiza kuliko yote, nalo ni kalenda.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili na kuendelea mpaka mwezi wa nne, wa tano. Kwa hiyo tuna miezi minne hivi ya ukavu ndani ya mwaka mpya wa fedha: Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Tunaitumiaje? Julai tunasubiri fedha. Agosti mtaalamu anakwenda kupima. Septemba anaandaa makadirio ya gharama. Kisha inatangazwa zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, zinafanyiwa tathmini, mkataba unasainiwa, na mkandarasi anafika na greda lake wakati wingu limekwisha kufunga. Anachonga kwenye tope. Mwezi wa pili hakuna kilichobaki, na cheti cha malipo kimeshasainiwa. Msimu wa minada ya korosho nao unaanza Oktoba, maana yake malori ya kwenda maghala ya chama chetu kikuu cha ushirika, TANECU, yanapita kwenye barabara zile zile katika majira yale yale. Tunatengeneza barabara wakati tunapoihitaji zaidi na tunapoweza kuitengeneza kwa ubora mdogo zaidi.

Lipo jambo ambalo halihitaji kibali cha Dodoma. Upimaji ufanyike wakati wa mvua. Mhandisi atembee mwezi wa pili, avae buti, aongozane na mwenyekiti wa kitongoji na wazee wanaojua maji ya mwaka gani yalifika wapi. Maji hufuata mkondo, na mkondo unaonekana mvua inaponyesha. Makadirio mengi niliyoyaona yameandikwa Agosti, wakati kila kitu ni vumbi, na aliyeandika hakuwa na njia ya kujua kwamba mahali alipopanga kalavati moja panahitaji mawili. Tukipima mwezi wa pili, michoro na makadirio yanakamilika Machi, nyaraka za zabuni zinakuwa tayari kabla ya Juni, na fedha zikiingia tu tunatangaza. Hapo Septemba na Oktoba zinakuwa za kazi.

Kusini kuna kumbukumbu ya mradi uliopangwa kwa kupuuza mvua na udongo. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaleta matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara, wakatandika reli kutoka Mtwara mpaka Nachingwea. Walipima ardhi haraka haraka, hawakumsikiliza aliyelima pale kabla yao, na kufikia 1951 mpango umekufa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki, na leo korosho zetu zinasafirishwa kupitia pale. Bandari ilibaki kwa kuwa ilikuwa na kazi hata karanga zilipoondoka. Nasi tukipitisha mradi tujiulize: ukibadilika mfadhili, ukibadilika mkurugenzi, mradi huu bado una kazi?

Sasa maboma.

Sote tunajua boma lilivyo. Wananchi wamechangishana, wamefyatua tofali, wameinua kuta mpaka kwenye lenta, wakaambiwa serikali itamalizia. Juu ya uwanda huu boma lina gharama ambayo haipo kwenye makadirio, yaani maji ya kuchanganyia udongo na saruji. Kila ndoo iliyokorogea zege la msingi ule ilibebwa kichwani au ilinunuliwa. Nimeingia kwenye boma moja la zahanati. Kwenye chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia umeota mkorosho, umeshafika kimo cha dirisha. Tofali za mstari wa juu, zile zinazopigwa na mvua moja kwa moja, zimelika mpaka ukipitisha kidole unatoka mchanga. Nondo zilizoachwa wazi juu ya lenta zimekula kutu. Boma lile kila masika linapoteza nguvu kidogo, na fundi atakayepewa fedha za kupaua leo itabidi kwanza abomoe.

Sera ilisema tangu mwaka 2007, kwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, kwamba kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Ni nia njema, nami naiunga mkono. Lakini kutokana na nia hiyo tumeanzisha misingi mingi kuliko tunayoweza kuipaua. Serikali Kuu imekuwa ikileta shilingi milioni 50 kukamilisha boma la zahanati, na zimesaidia sana. Haziwezi kuyafikia yote kwa kasi tunayoongeza misingi. Ninachowaomba Waheshimiwa ni kizito kisiasa lakini ni cha haki: kata yenye boma lililofika lenta isianzishe msingi mwingine kwa fedha za umma mpaka boma lile limepauliwa. Na tukikosa fedha za kumaliza, basi tupaue tu. Bati likikaa juu, boma linaweza kungoja milango na sakafu hata mwaka mzima bila kuharibika. Bila bati haliwezi kungoja hata masika moja.

Mwanakijiji aliyebeba mchanga akaona boma linaota mti, ukimwita tena kwenye kazi ya kujitolea haji. Hilo hakuna mkaguzi atakayeliandika, lakini ndilo deni kubwa tulilonalo.

Nikisema bati nakuja kwenye maji ya kunywa. Mradi wa maji wa Makonde ulijengwa tangu enzi za ukoloni, maji yakisukumwa kutoka visima vya bonde la Mitema kule Kitangari mpaka huku juu. Ni kupandisha maji mlima, na kila lita inakuja na bili ya umeme. Sasa mradi unaboreshwa chini ya ule mpango wa miji 28 kwa mkopo wa India, na tunautegemea. Hata ukikamilika, vitongoji vya mwisho wa bomba vitaendelea kupata mgao, maana hivyo ndivyo bomba refu lilivyo.

Wazee wetu walilijua hili. Ndiyo maana hapa Newala nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kuvunia maji ya mvua. Mwananchi wa kawaida, kwa fedha zake, ameweka mfereji kwenye bati na kisima chini. Sasa nenda shule ya msingi yenye madarasa saba yaliyoezekwa bati zuri. Mfereji hakuna, tanki hakuna. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa lenye mita za mraba 80, mvua ikinyesha milimita 30, linamwaga lita 2,400 kwa siku hiyo moja. Madarasa saba ni lita 16,800. Maji yale yote yanaanguka kwenye msingi wa jengo, yanachimba, msingi unapasuka, na siku inayofuata wanafunzi wanaambiwa waje na kidumu cha maji kutoka nyumbani.

Madarasa ya fedha za UVIKO-19 yalijengwa kwa shilingi milioni 20 kila moja, na hapa tuliyajenga kwa mafundi wetu wenyewe na kamati zetu za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Uwezo upo. Naliomba Baraza lipitishe azimio kwamba hakuna jengo la umma litakalopokelewa katika halmashauri yetu bila mifereji ya bati na tanki, na kwamba majengo ya zamani yapangiwe fungu kila mwaka, tukianzia na zahanati. Mkunga hawezi kumzalisha mtu kwa maji ya kuazima.

Fedha zitoke wapi? Nitasema kwa kifupi, mhasibu yupo ataeleza vizuri zaidi. Mapato yetu ya ndani yamekaa juu ya korosho, ushuru wa mazao asilimia 3 ya bei ya shambani. Mnada ukiwa mzuri tunapumua, bei ikianguka tunabanwa. Msimu wa 2018/2019, minada iliposimama na serikali ikanunua korosho yenyewe, ulitufundisha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka ghafla. Kwa sababu hiyo mapato ya ndani tusiyatumie kuanzisha majengo makubwa tutakayoshindwa kuyamaliza bei ikishuka. Yatumike kwa kazi ndogo zinazomalizika ndani ya msimu: kupaua, mifereji, matanki, kuzibua makalavati. Majengo makubwa tuyaombee Serikali Kuu, michoro ikiwa mkononi.

Kuzibua makalavati tusiwaachie wenye greda. TARURA imekuwa ikivipa vikundi vya kijamii kazi ndogo za matunzo, na sheria ya manunuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu. Vijana wetu wanaokaa kijiweni wanaweza kusajiliwa, wakakabidhiwa barabara ya kijiji chao, wakalipwa kwa mtaro uliosafishwa. Afisa maendeleo ya jamii, hili liko mezani kwako.

Nimalizie na ombi la utekelezaji. Kila mwenyekiti wa kijiji amepewa karatasi yenye safu nne. Ya kwanza, taja kila mahali ambapo maji yanavuka barabara katika kijiji chako, na kama pana kalavati andika kama limeziba. Ya pili, kila boma la umma, limefika hatua gani na linanyeshewa tangu mwaka gani. Ya tatu, kila jengo la umma lenye bati lisilo na mfereji. Ya nne, acha wazi, mwandike lile ambalo mimi sikuliona. Msijaze ofisini. Isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi waongeze na kusahihisha, kisha imfikie mtendaji wa kata kabla Kamati ya Maendeleo ya Kata haijakaa. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na ibaki pale mpaka bajeti itakapopitishwa, ili kila mtu aone kipi kilikatwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nashukuru kwa kunipa nafasi. Niko tayari kwa maswali.